Afande Kimya

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, Kasuku alikuwa na kazi zake zinamsubiri. Kwanza alipitia chekechea kumchukua mdogo wake. Kisha alifungua kufuli la mlango, akamvua mdogo wake sare, akampa chai na mkate, akafua soksi za wote wawili, na kumchunga asitoke nje ya geti mpaka mama arudi. Mama alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli kwa dobi mmoja wa mjini, na alirudi jioni mgongo unamuuma. Baba aliendesha lori la masafa marefu. Wiki nyingi walimsikia kwenye simu tu.

Jina la Kasuku hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. Mdogo wake walimwita Kifungo. Alikuwa mdogo, mviringo, na kila shati lake lilikosa vifungo kwa jinsi alivyovitafuna.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa geti. Mbele ya geti palikuwa na barabara ya malori, na Kifungo aliyapenda malori kupita kiasi. Kila akisikia honi aliamini ni baba. Mama alikuwa na dawa moja tu ya tatizo hilo. "Ukitoka nje," alimwambia, "nitakuitia polisi."

Mtaa mzima ulitumia dawa hiyo. Mtoto akigoma kula, ataitiwa polisi. Akilia kwenye sindano, polisi wako mlangoni. Lakini polisi wenyewe hakuna aliyewajua, na hakuna aliyetaka kuwajua, maana ukionekana unaongea na askari mchana, jioni utaulizwa umemshtaki nani. Kituo kidogo kilipofunguliwa kando ya soko, picha za askari wa mtaa zilibandikwa ukutani pamoja na tangazo la mkutano wa kufahamiana. Mkutano huo ulihudhuriwa na askari wenyewe na fundi viatu, ambaye benchi lake liko palepale na hakuwa na pa kukimbilia.

Sasa Kifungo hakuwa mtoto wa kutishwa kijumlajumla. Alitaka maelezo. Jioni moja, Kasuku alipomtishia polisi ili alale, aliuliza ni polisi yupi, anaitwa nani, na atajuaje kwamba yeye hajalala.

Kasuku hakukosa jibu hata siku moja maishani mwake. "Anaitwa Afande Kimya," alisema. "Haongei. Hapigi filimbi. Viatu vyake havina mlio. Huwezi kujua amefika mpaka uone kivuli chake."

Kifungo alivuta shuka mpaka puani, akalala. Dawa ilikuwa imepatikana, na Kasuku alijisifu moyoni.

Tangu siku hiyo Afande Kimya akawa anakua kila jioni. Kifungo alipoanza kuwafungulia geti watu wasiojulikana, Kasuku aliongeza kwamba Afande Kimya, ingawa hana sauti yake mwenyewe, huchukua sauti za watu aliowakamata. Anaweza kukuita kwa sauti ya mwalimu, au ya mama. Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usijibu. Usiku ule Kifungo alilia kwa kwikwi mpaka Kasuku akamhurumia, akampa pa kujificha: Afande Kimya ni mrefu mno, mgongo wake haupindi, kwa hiyo hawezi kuingia mahali pa chini. Chini ya kitanda, kwa mfano, hafiki kabisa.

Ajabu ni kwamba muda si mrefu Kasuku mwenyewe alianza kumwogopa. Chumba chao kilikuwa na dirisha linalotazama kichochoro, na pazia lake lilikuwa fupi kidogo, linaacha mwanya chini. Kasuku alijua wazi kwamba huyo mtu alitoka kichwani mwake. Hata hivyo alianza kulala akiwa ameupa mwanya ule mgongo, na akienda kuchota maji bombani jioni aligeuka nyuma mara kwa mara. Kilichomtia hofu zaidi ni ukimya. Mbwa wakibweka alipumua. Wakinyamaza, alisikiliza.

Alasiri moja mawingu mazito yalikuwa yametanda upande wa juu wa mji. Kasuku alikuwa ameinama uani akifua soksi, bomba linamwaga maji kwenye ndoo kwa kelele. Kifungo alikuwa nyuma yake, karibu na choo, anapanga vizibo vya soda kama malori kwenye foleni. Ghafla povu la beseni likapoteza mng'ao wake. Kivuli kirefu kilikuwa kimelala juu ya maji.

Kasuku aliinua macho. Mbele yake alisimama askari mrefu, kofia kichwani, na hakuwa amesikia hatua hata moja. Mikono yake ilibaki ndani ya beseni.

Yule askari alikuwa mwanamke. Aliomba radhi, akasema amepiga hodi getini lakini pengine kelele za bomba zimeimeza sauti yake. Alijitambulisha kuwa ni koplo wa kituo kidogo cha sokoni, na kwamba kwa kuwa watu hawakuja kwenye mkutano, yeye na mwenzake wameamua kupita nyumba kwa nyumba ili wafahamiane. Aliuliza kama mama yupo. Kasuku alijibu kama mtaa mzima ulivyozoea kujibu: mama hayupo, na sisi hatujui kitu.

Koplo alicheka kidogo. Alisema hajauliza kitu bado. Alimpa kadi yenye namba ya simu ya kituo, akamwambia ampe mama, akaondoka. Kasuku alimsindikiza kwa macho, akaona kilichomshtua. Koplo hakuvaa buti. Alivaa viatu vyeusi vyenye soli nene laini ya mpira, na vilikanyaga kokoto za uani bila mlio wowote.

Aligeuka kumwangalia Kifungo. Vizibo vilikuwa palepale kwenye foleni yao, lakini mwenye malori hakuwepo.

Alikimbilia ndani, akainamia uvungu wa kitanda. Kulikuwa na viatu vya baba na sanduku la nguo. Ndipo alipokumbuka kwamba Koplo alikuwa amesimama katikati ya Kifungo na mlango wa nyumba. Mtoto asingeweza kupita pale. Nyuma ya choo bati moja la uzio lilikuwa limeachia msumari, na pembeni yake palining'inia kipande kidogo cha uzi wa shati lake.

Kasuku alitafuta peke yake kwanza. Alizunguka kichochoro, akachungulia nyuma ya mapipa, akaita kwa sauti ya chini ili majirani wasimsikie. Hakuwaendea askari, ingawa aliwaona wakipiga hodi nyumba ya pili. Angewaambia nini? Kwamba mtoto amewakimbia wao? Ngurumo ikasikika mbali, na upepo wenye harufu ya vumbi lililolowa ukaanza kuvuma.

Mama alirudi akakuta geti wazi. Hakupiga kelele. Aliweka mfuko wake chini na kuanza kuita, na kwa mlio wa sauti ile majirani walitoka mmoja mmoja. Mtu akanong'ona kwamba waitwe wale askari. Mwingine akasema ngoja kwanza, tusijiletee balaa. Fundi viatu, aliyekuwa ameshafunga kazi kwa sababu ya mvua, hakungoja mtu. Alikwenda akarudi na Koplo na yule mwenzake, konstebo kijana mwenye kipaza sauti.

Konstebo alipita mtaani akiita. "Kifungo! Toka mtoto mzuri, mama anakutafuta!" Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti ikiwa kubwa na ya bati, haifanani na ya mtu yeyote. Kila alipoita, watu walinyamaza kusikiliza. Hakuna kilichojibu.

Kasuku alisimama kando ya ukuta, amejikumbatia. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwa nini hakuna jibu. Mahali fulani mdogo wake alikuwa akisikia jina lake likiitwa na mtu asiyemwona, naye alikuwa anafanya kama alivyofundishwa. Kadiri walivyomwita ndivyo alivyozidi kujificha. Kasuku alitaka kusema, lakini alimwona mama, aliona uso wake, akabaki palepale ukutani. Wangesema ni yeye aliyempoteza mtoto. Na askari wangemfanya nini mtu aliyewasingizia?

Matone ya kwanza yakaanza kudondoka kwenye mabati. Mzee mmoja akasema huko juu ya mji mvua imeshamwagika kweli kweli, na muda si mrefu maji yatashuka mtaroni.

Mtaroni. Kasuku alimkimbilia Koplo, akamshika mkono wa shati.

"Mwambie anyamaze," alisema. "Mwambie aache kuita. Ni mimi."

Aliyaeleza yote kwa pumzi moja: jina, viatu visivyo na mlio, sauti za kuazima, mgongo usiopinda. Mama alikuwa karibu na alisikia kila neno. Kasuku alisubiri kibao, au pingu, au vyote. Koplo alimwashiria konstebo azime kipaza sauti, halafu akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya Kasuku.

"Kukulaumu tutapata muda baadaye," alisema. "Sasa nifundishe. Wewe ndiye unayemjua huyo Afande kuliko mimi. Wapi hawezi kuingia?"

"Mahali pa chini."

"Uvunguni mmeangalia. Pa chini pengine ni wapi?"

Mtaro uliopita nyuma ya nyumba ulivuka chini ya barabara kwa bomba kubwa la saruji, na watoto waliliita kalvati. Mipira yao yote iliishia humo. Mtu mzima asingeweza kuingia ila kwa kulala kifudifudi.

Walifika mvua ikiwa imeshika kasi. Maji mtaroni yalikuwa yamefika vifundoni mwa Koplo, ya rangi ya chai, yakibeba majani na mifuko. Kasuku alilala kwenye ukingo na kuchungulia. Ndani palikuwa giza. Tundu la upande wa pili lilionekana mbali, na katikati yake palikuwa na kitu kidogo cha mviringo kilichoziba mwanga.

"Kifungo, ni mimi. Dada."

Kitu kile kilisogea mbali zaidi.

"Kifungo, njoo. Afande Kimya hayupo. Nilimtunga mimi."

Sauti ndogo ilitoka ndani, ikigongana na saruji. "Wewe umeshakamatwa," ilisema. "Hiyo ni sauti yako tu."

Kila uongo aliousema ulikuwa umesimama mlangoni pa kalvati, unamzuia. Mama akaita naye, akabembeleza, akalia. Hakujibiwa. Konstebo alikimbilia upande wa pili, lakini Kifungo alipomwona akarudi katikati, palipokuwa mbali na wote. Kasuku alitaka kuingia na Koplo akamshika kiuno. Alisema maji yanapanda, na hatapoteza watoto wawili kwa siku moja.

Halafu Koplo akasimama kufikiri, mvua inamtiririka kwenye kofia. Akauliza swali moja. "Afande Kimya anaweza kuimba?"

Kasuku alipapasa kichwani mwake, maana huko ndiko Afande alikoishi. "Hana sauti yake mwenyewe," alisema. "Anaazima tu. Na kelele hawezi. Kelele hawezi kabisa."

Koplo alivua kofia, akaingiza kichwa kalvatini, akaanza kuimba irabu kama watoto wa chekechea. A, e, i, o, u. Jamani, aliimba vibaya. Sauti ilipanda mahali pa kushuka, ikashuka mahali pa kupanda, na alipofika kwenye u ilikatika kabisa. Huku akiimba alikanyagakanyaga maji kwa nguvu na kugonga saruji kwa rungu lake. Konstebo akadakia upande wa pili kwa sauti nene. Fundi viatu akaanza kupiga makofi. Mama alitazama kana kwamba watu wamerukwa na akili, kisha akaelewa, akaokota sufuria bovu lililotupwa kando ya mtaro akaligonga kwa jiwe.

Maji yalifika magotini.

"Unasikia?" Kasuku alipaza sauti. "Unamsikia anavyoimba? Afande Kimya anaweza kelele hizi?"

Waliendelea. Mvua nayo iliendelea. Kasuku alikuwa ameshaanza kuomba moyoni kila alichojua kuomba, aliposikia ile sauti ndogo, karibu zaidi safari hii.

"Anaimba vibaya."

"Vibaya sana," alisema Kasuku, machozi na mvua vimechanganyika mdomoni.

"Ni nani huyo?"

"Ni askari wa mtaa wetu. Anafanya kazi pale sokoni, karibu na fundi viatu."

Kifungo aliyapima maneno hayo. Kisha wakasikia magoti yakiburuzwa majini, yanakuja. Koplo hakuacha kuimba hata alipomshika shati, akamvuta, akambeba juu ya bega. Hawakuwa wamepanda ukingo vizuri maji ya kutoka juu ya mji yalipofika. Yalikuja kwa kishindo, yamebeba tairi na matawi, yakalijaza kalvati mpaka juu, na kwa muda mrefu watu walisimama wakiyatazama.

Nyumbani Kifungo alifungwa mashuka na kupewa chai. Mama alitaka kumgombeza Kasuku, akaanza, akashindwa. Alikaa chini.

"Mimi ndiye niliyeanza," alimwambia Koplo. "Nilikuwa nawaitia polisi kila siku, na sijawahi kuongea na polisi hata mmoja."

Koplo alikuwa akikamua soksi zake mlangoni. Viatu alivitundika msumarini vikauke. Alieleza kwamba buti zilikuwa zimemtoa malengelenge kwa kutembea mitaa mchana kutwa, ndipo fundi viatu alipomtilia soli laini. Kisha akasema polepole, akiwatazama wote wawili.

"Kutafuta mtoto aliyepotea nimefundishwa. Kutafuta mtoto anayenikimbia sikufundishwa. Leo tulikuwa tunamwita, na kila tukimwita tunamsukuma kwenye maji. Mngekuwa mnanijua kwa jina, na yeye ananijua, angenitazama tu, akarudi kwenye vizibo vyake. Na wewe, binti yangu, ulichelewa kusema, lakini umesema. Ungenyamaza kidogo tu zaidi, hapa tungekuwa tunalia."

Wiki iliyofuata Kasuku alimpeleka Kifungo kituoni. Kifungo aligonga soli za Koplo kwa kijiko, akahakikisha zinatoa mlio angalau mdogo. Kutwa nzima ya siku ile alikuwa jasiri. Usiku alilala uvunguni. Kasuku alilala naye chini, akimwambia tena na tena kwamba ni hadithi tu, na akaona jinsi neno moja la kutisha lilivyomchukua dakika kulisema, na sasa linamchukua mwezi kulifuta. Mama hakuita polisi tena ila siku moja, kwa simu, bomba la jirani lilipoibwa. Majirani waliuliza amemshtaki nani. Akawajibu kwamba amemshtaki mwizi.

Siku moja Kasuku alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa. Mbele yake alisimama mama mmoja asiyemjua, mtu wa mtaa mwingine, na mtoto mgongoni analia.

"Nyamaza," mama yule alisema bila kugeuka. "Afande Kimya anapita."

Mtoto alinyamaza papo hapo. Macho yake yakatoka, yakatazama mlangoni, juu ya bega la Kasuku. Kasuku naye akageuka kabla hajajizuia. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kabla ya siku ile ya mtaro hakuwa amemsimulia mtu yeyote hadithi hiyo ila Kifungo. Kifungo aliwasimulia wenzake wa chekechea, na kutoka huko hadithi ilikuwa imeenda kwa miguu yake.

"Mama, samahani," alisema. "Huyo mtu hayupo. Nilimtunga mimi."

Mama yule alimtazama kwa mshangao, akacheka. "Hata kama. Si unaona amenyamaza?"

Kasuku alikwenda moja kwa moja kituoni, akamweleza Koplo, na alipomaliza alikuwa akilia. Koplo hakumwambia aache kulia. Alichukua kofia yake.

"Mimi siwezi kumkamata mtu asiyekuwepo," alisema. "Ninachoweza ni kwenda kwa watu na kuwaonyesha mimi ni nani. Wewe uliwapa askari wa uongo. Twende tukawape wa kweli, nyumba kwa nyumba, hata kama itatuchukua mwaka. Unajua yule mama anakaa wapi?"

Waliulizia, wakaelekezwa. Ilikuwa nyumba ya mabati ya bluu, mlango umeegeshwa. Koplo alikohoa njia nzima, akakanyaga kokoto kwa nguvu, akapiga hodi.

Ndani walisikia miguu midogo ikikimbia, na kitanda kikigongwa kwa chini.

Kasuku alimtazama Koplo. Koplo alikaa kizingitini, nje, mahali ambapo mtu aliye uvunguni angeweza kumwona vizuri, na akampa Kasuku nafasi kando yake. Kisha akapiga hodi tena, na kwa sauti kubwa, mbaya, yenye kukatikakatika, akaanza kuimba.